Werevu wa Wanyonge: Habari za Mpira wa Shule ya Carlisle

Wasomaji wetu wa nyanda hizi za juu wajua jinsi Mafinga ilivyo katika mwezi wa Juni. Ukungu hushuka asubuhi hata misindano iliyo karibu haionekani, na baridi huwafanya wanafunzi wapende kukimbia kuliko kusimama. Jioni moja ya mwezi huo tulikuwa kando ya uwanja wa shule, tukitazama darasa la chini likicheza mpira na darasa la juu. Wale wa chini walikuwa wadogo wa miili, na kwa muda wa nusu saa walijaribu kupita katikati, mahali ambapo wakubwa walisimama kama ukuta. Kila mara waliangushwa. Mmoja akatoka akichechemea. Kisha, bila ya kuambiwa na mtu, wakaacha kupita katikati. Wakaanza kuupeleka mpira pembeni, mara kulia mara kushoto, hata wakubwa wakachoka kwa kugeuka-geuka, na mabao mawili yakapatikana.

Baada ya mchezo kijana mmoja alitujia na swali. Alikuwa ameona katika simu ya kaka yake picha za mpira wa Kimarekani, ambao wachezaji wake huvaa kofia ngumu na kurundikana juu ya mwenzao mmoja. Akauliza, “Mwalimu, ule ni mpira au ni vita?” Tulicheka, lakini hatukuwa na jibu la kumtosha, tukaenda kusoma. Tuliyoyapata tuliyaona si habari za mchezo tu. Ni habari za watoto walionyang’anywa karibu kila kitu, ambao waliwafundisha wenye nguvu namna mpya ya kushambulia. Kwa hiyo tunayaandika hapa.

Kwanza yafaa tueleze mchezo wenyewe, maana katika nchi yetu wachache huucheza. Kila upande una watu 11. Mpira wao si wa mviringo bali umechongoka pande mbili, kama buyu dogo, na huchukuliwa mikononi. Siku hizi upande wenye mpira hupewa nafasi nne za kuusogeza mbele yadi 10. Wakiweza hupewa nafasi nne nyingine, wakishindwa mpira huwa wa wenzao. Kila nafasi huanza kwa pande mbili kusimama zikitazamana, zimetulia. Kabla ya hapo washambuliaji hupatana kwa siri nani atakimbilia wapi, nani atamzuia nani, na nani atajifanya ana mpira hali hana. Mpira wetu sisi hausimami ila ukitoka nje au refa apigapo filimbi; ule wao husimama makumi ya mara kwa siku moja, na kila usimamapo watu hupanga shauri jipya. Ndiyo maana kocha wa Kimarekani hufanana zaidi na mcheza bao kuliko na mwalimu wa mpira wa kwetu.

Mchezo huo ulianzia katika vyuo. Huhesabiwa tangu tarehe 6 Novemba 1869, chuo cha Rutgers kilipocheza na Princeton, ingawa siku ile ulifanana bado na mpira wa miguu. Mtu aliyeupa sura yake ni Walter Camp wa chuo cha Yale. Tangu mwaka 1880 kwa shauri lake ukawekwa ule mstari wa kutazamana, na mwaka 1882 hesabu ya nafasi. Lakini sheria moja ilibaki ngumu: mpira haukuruhusiwa kutupwa mbele kwa mkono. Mtu aliweza kuuchukua, kuupiga teke, au kumpa mwenzake aliye nyuma, wala si zaidi. Sasa, mpira usipoweza kuruka mbele, njia ya kwenda mbele ni kupita katika vifua vya watu, na katika kazi hiyo mzito humshinda mwepesi.

Mtu wa kwanza tunayemtaja kwa uvumbuzi wa shambulio hakuwa mchezaji hata kidogo. Lorin Deland wa Boston alikuwa mpenzi wa sataranji, na alisoma sana vita vya Napoleon. Akaona ya kuwa Napoleon alishinda kwa kukusanya nguvu nyingi ghafula mahali pamoja penye udhaifu, akajiuliza kwa nini jambo hilo lisifanywe katika uwanja wa mpira. Mwaka 1892 aliwafundisha vijana wa Harvard kuanza wakiwa makundi mawili yaliyo mbali, yakimbie kwa kasi na kukutana kama kabari, mwenye mpira akiwa ndani yake, kisha kabari yote imwangukie mlinzi mmoja wa Yale. Watazamaji walistaajabu, ingawa Yale walishinda siku ile kwa 6 kwa 0. Kabari ile ilivunja watu mifupa, na baada ya miaka miwili ikakatazwa. Werevu wa Deland twausifu. Lakini ulikuwa werevu wa kuongeza uzito juu ya uzito, na wengine wakaufuata kwa namna nyingine za kusukumana kwa makundi.

Matokeo yake yakawa mauti. Mwishoni mwa mwaka 1905 gazeti moja la Chicago lilihesabu watu 18 waliokufa kwa mpira katika msimu ule mmoja, wengi wao vijana wa shule. Rais Theodore Roosevelt, ambaye aliupenda mchezo, alikuwa amekwisha kuwaita Ikulu wakuu wa mpira wa Harvard, Yale na Princeton mwezi wa Oktoba, awasihi wautengeneze. Chuo cha Columbia kiliuacha kabisa. Mwezi wa Desemba wajumbe wa vyuo zaidi ya 60 walikutana New York, na katika mwaka 1906 sheria mpya zikatoka. Kubwa kuliko zote ilikuwa ruhusa ya kuutupa mpira mbele kwa mkono, ingawa kwa masharti makali: mpira ukianguka chini bila ya kuguswa na mtu, ulikuwa mali ya wapinzani. Hivyo ruhusa hii haikuletwa ili kupendeza macho. Ililetwa ili kutawanya watu uwanjani, wasiuane katika rundo.

Vyuo vikubwa vya mashariki havikuitumia sana. Vilikuwa na vijana wazito. Vya nini kuhatarisha mpira hewani? Chuo cha Saint Louis, chini ya kocha Eddie Cochems, ndicho kilichojaribu kwanza, tarehe 5 Septemba 1906. Bradbury Robinson alitupa mpira ukaanguka bure. Alipojaribu tena, Jack Schneider aliudaka na kuuvusha mstari wa mwisho. Lakini shule iliyouonyesha mtupo huo katika viwanja vya wakubwa haikuwa chuo kikuu. Ilikuwa shule ya watoto wa wenyeji wa asili wa Amerika, wale ambao vitabu vya zamani viliwaita Wahindi Wekundu. Hapo ndipo tunapotaka kukaa kidogo.

Shule ya Carlisle ilifunguliwa mwaka 1879 katika kambi kuukuu ya askari, jimbo la Pennsylvania. Mwanzilishi wake, Richard Henry Pratt, alikuwa ofisa wa jeshi aliyepigana na makabila ya nyika za magharibi. Watoto wa kwanza aliwaleta kutoka kwa Walakota, mwendo wa siku nyingi kwa gari la moshi na mashua. Walipofika walikatwa nywele, ambazo kwa desturi yao hukatwa wakati wa msiba. Wakavishwa sare, wakapewa majina ya Kizungu, wakakatazwa kusema lugha zao. Mwaka 1892 Pratt alisema waziwazi mbele ya watu ya kuwa yafaa Uhindi uuawe ndani ya mtu ili mtu mwenyewe aokoke.

Sisi tulio walimu maneno hayo yatushtua zaidi, kwa kuwa Pratt hakujiona adui. Alijiona mfadhili, na katika wakati wake wengi waliosema ya kuwa watoto wale hawafundishiki aliwapinga kwa nguvu. Hapa Afrika Mashariki pia wako wazee wanaokumbuka kibao kilichofungwa shingoni mwa mtoto aliyeponyokwa na neno la lugha ya mama yake shuleni. Aliyekifunga naye alidhani anafanya wema. Huko Carlisle watoto wengi waliugua, hasa kifua kikuu, na zaidi ya 170 walizikwa palepale shuleni, mbali na mama zao.

Mpira ulianza kuchezwa pale karibu na mwaka 1890. Mvulana mmoja akavunjika mguu, na Pratt akakataza michezo na shule nyingine. Mwaka 1893 wavulana wapatao 40 walikwenda ofisini kwake, na msemaji wao akamwomba kwa maneno mazuri hata Pratt akalegea. Akawawekea masharti mawili. La kwanza, wasimpige mtu ngumi hata wakipigwa, kwa kuwa watazamaji watasema hao ni washenzi. La pili, baada ya miaka michache wawe wamewashinda walio hodari kuliko wote katika nchi. Sharti la kwanza lilikuwa mzigo mzito kuliko la pili: mchezo uliokuwa umejaa ngumi, wao peke yao wauchezao kwa adabu. Wavulana wakakubali yote mawili.

Walikuwa wachache, na wengi wao wepesi wa miili kuliko vijana wa vyuo. Karibu kila mara walisafiri kwenda kucheza ugenini. Mwaka 1899 alikuja kocha Glenn Warner, mtu aliyesoma sheria katika chuo cha Cornell na ambaye alipenda kuunda vitu kwa mikono yake. Mwaka ule ule wakawashinda Pennsylvania, mmoja wa wale wanne wakubwa, kwa 16 kwa 5. Watu husema Warner ndiye aliyewapa vijana wale werevu. Sisi twaona ni nusu ya kweli. Warner alikuwa na akili ya uvumbuzi, lakini katika vyuo vingine alivyofundisha alikuta vijana waliotaka kusukumana kama baba zao walivyosukumana. Carlisle alikuta vijana wasio na njia nyingine ila kufikiri, waliofurahia hila, na waliokuwa na kitu cha kuonyesha. Kocha na vijana walifundishana.

Hila yao iliyovuma kuliko zote ilifanywa tarehe 31 Oktoba 1903, walipocheza na Harvard. Warner alimwagiza mshonaji atie mpira wa kuvutika katika upindo wa fulana ya mchezaji mmoja, Charles Dillon. Harvard walipoupiga mpira kuanza kipindi cha pili, vijana wa Carlisle walimzunguka aliyeudaka, wakausukuma mpira ndani ya fulana ya Dillon mgongoni, kisha wakatawanyika, kila mmoja ameikumbatia kofia yake kama ndiyo mpira. Harvard walikamata huyu na yule, na kila waliyemwangusha alikuwa na kofia tu. Wakati huo Dillon alikuwa akikimbia mikono mitupu, mgongo umetuna kama wa mwenye kibiongo, na hakuna aliyemzuia hata akafika mwisho wa uwanja. Watazamaji, hata wa Harvard, walicheka sana. Lakini mchezo haukuwa umekwisha. Harvard walijikusanya, wakashinda kwa 12 kwa 11.

Je, ilikuwa hila ya haki? Siku zile hakukuwa na sheria iliyoikataza, na Warner mwenyewe baadaye alikubali ya kuwa ilikuwa kama mzaha. Twaitaja kwa sababu watu wengi hukumbuka hiyo tu, wakadhani werevu wa Carlisle ulikuwa wa kuficha vitu. Mzaha hufaa mara moja. Uvumbuzi wa kweli ni ule ambao adui akisha kuuona, bado haumwachi.

Huo ulikuja mwaka 1907, sheria mpya zikiwa na mwaka mmoja. Warner, aliyekuwa amekwenda Cornell kwa miaka michache, alikuwa amerudi. Vijana wa Carlisle wakajifunza kuutupa mpira ukizunguka kama mshale wenye manyoya, ili ukate upepo na kwenda mbali. Frank Mount Pleasant wa kabila la Watuscarora, na Pete Hauser wa Wacheyenne, waliweza kuutupa makumi ya yadi, jambo ambalo wengi hawakuamini kuwa lawezekana. Ikumbukwe mpira wa siku zile ulikuwa mnene kuliko wa leo, mgumu kushikwa kwa mkono mmoja.

Tarehe 26 Oktoba walikwenda Philadelphia kucheza na Pennsylvania, ambao hawakuwa wameshindwa bado msimu ule. Walinzi walipojipanga karibu-karibu kuzuia msukumo, mpira uliruka juu ya vichwa vyao. Walipotawanyika kuungoja mpira hewani, wakimbiaji walipita katikati. Hilo ndilo jambo ambalo twaomba msomaji alifikirie. Mtupo haukuwa silaha peke yake. Kazi yake kubwa ilikuwa kumfanya mlinzi asijue. Mtu mzito asiyejua asimame wapi hana faida ya uzito wake. Carlisle walishinda kwa 26 kwa 6. Tarehe 9 Novemba wakawashinda Harvard kwa 23 kwa 15, mara yao ya kwanza.

Wiki mbili baadaye walikuwa Chicago, mbele ya kocha maarufu Amos Alonzo Stagg, ambaye alikuwa amewaagiza vijana wake wamzuie Albert Exendine, mdakaji wa pembeni, asiondoke hata hatua. Basi Exendine akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Alitoka nje ya mstari kana kwamba mambo ya mchezo hayamhusu, akazunguka nyuma ya benchi la Chicago lenyewe, akarudi uwanjani mbele zaidi, akiwa peke yake, na Hauser akamtupia mpira. Akauvusha mstari. Sheria ya kukataza jambo hilo ilikuja baadaye. Carlisle walishinda kwa 18 kwa 4. Katika msimu ule wote walishindwa mara moja tu, na Princeton.

Hapa twarudi kidogo nyumbani, kwa kuwa jambo hili la wepesi na wazito watu wa Iringa wana mfano wake, ingawa ule ulikuwa wa damu. Tarehe 17 Agosti 1891, Emil von Zelewski aliongoza jeshi la Wajerumani kupita Lugalo, mashariki ya Iringa. Alikuwa na bunduki za kisasa na mizinga. Wahehe wa Mkwawa hawakusimama mbele ya mizinga ile. Walilala katika majani na nyuma ya mawe kando ya njia, wakaliacha jeshi liingie katikati yao likiwa safu ndefu na nyembamba, mizinga ikiwa bado mizigo. Mlio mmoja wa bunduki ulipotoa ishara, wakainuka wote pamoja kwa mikuki. Zelewski aliuawa, na Wazungu wengine 9, na askari zaidi ya 200. Miaka mitatu baadaye, mwezi wa Oktoba 1894, Mkwawa aliwangoja Wajerumani nyuma ya boma lake la mawe la Kalenga. Safari hii ilikuwa uzito kwa uzito, na mizinga ikashinda. Baadaye alirudia vita vya kujificha na kushambulia, akawasumbua kwa miaka minne hata kufa kwake mwaka 1898.

Hatusemi mpira ni sawa na vita. Lakini kulikuwa na siku moja ambayo kwa vijana wa Carlisle mambo hayo mawili yalikaribiana sana. Tarehe 9 Novemba 1912 walikwenda West Point, mahali ambapo maofisa wa jeshi la Marekani hufundishwa, kucheza na wanafunzi wa pale. Miaka 22 tu ilikuwa imepita tangu tarehe 29 Desemba 1890, askari wa jeshi hilo walipowaua Walakota kwa mamia, wanaume, wanawake na watoto, huko Wounded Knee. Yasimuliwa ya kuwa Warner, aliyekuwa msemaji sana kabla ya kila mchezo, siku ile alisema machache: aliwakumbusha ya kuwa baba na babu za vijana hawa wa West Point ndio waliopigana na baba na babu zao.

Warner alikuwa ameandaa mpango mpya. Zamani wakimbiaji wote walisimama nyuma, karibu-karibu, na mlinzi aliweza kukisia ni nani atakayepewa mpira. Warner aliwatoa wawili akawaweka pembeni kabisa, mmoja kila upande, karibu na mstari, kama mabawa mawili ya ndege. Kutoka hapo bawa liliweza kumzuia mlinzi, au kukimbia mbele kudaka mpira, au kurudi nyuma kupokea mpira na kukimbia upande wa pili, mahali ambapo walinzi wamepaacha. Mpangaji wa mchezo alikuwa Gus Welch wa kabila la Wachippewa, na mkimbiaji mkuu alikuwa Jim Thorpe wa Wasac na Wafox, ambaye miezi michache nyuma alikuwa ameshinda medali mbili za dhahabu katika michezo ya Olimpiki ya Stockholm. Walinzi wa Jeshi walimtazama Thorpe, kama ilivyotazamiwa, na mara nyingi Thorpe hakuwa na mpira. Mwenzake Alex Arcasa aliuvusha mstari mara tatu. Miongoni mwa wachezaji wa Jeshi alikuwako kijana Dwight Eisenhower, ambaye mwaka 1953 alikuja kuwa Rais wa Marekani. Yasemwa ya kuwa yeye na mwenzake walimvamia Thorpe kwa pamoja, wakagongana wao kwa wao, wakatolewa uwanjani. Nahodha wa Jeshi alitolewa kwa kumpiga mchezaji wa Carlisle. Sharti lile la mwaka 1893 lilikuwa limehama upande.

Mchezo ulikwisha kwa 27 kwa 6.

Tungependa kuishia hapo, lakini yaliyofuata ni machungu. Mwaka 1913 Thorpe alinyang’anywa medali zake kwa sababu alikuwa amecheza besiboli kwa ujira mdogo katika miaka ya 1909 na 1910. Warner alisema hakujua, neno ambalo sisi ni vigumu kuliamini. (Medali zilirudishwa kwa watoto wa Thorpe mwaka 1983, yeye akiwa amekwisha kufa miaka 30, na mwaka 2022 tu ndipo alipotajwa tena kuwa mshindi peke yake.) Mwaka 1914 bunge la Marekani lilichunguza mambo ya shule. Wanafunzi wenyewe, Welch akiwa mbele, walikuwa wamelalamika: fedha nyingi za mpira hazikutumiwa kwa faida yao, wachezaji walipewa upendeleo, na kocha aliyewaletea sifa aliwatukana. Hivyo kijana yule yule aliyeongoza mpango wa Warner kule West Point ndiye aliyesimama kumshitaki. Jambo hili latupendeza kuliko bao lolote, maana laonyesha ya kuwa hakuwa chombo mkononi mwa mtu. Warner akaenda kufundisha Pittsburgh. Mwaka 1918 shule ikafungwa, na jeshi likachukua tena kambi yake kuwa hospitali ya majeruhi.

Mipango ya mabawa ilienea katika vyuo vyote, ikatawala kwa miaka zaidi ya 20. Mtupo nao ukaenea, hasa baada ya mwaka 1913, Notre Dame, chuo kilichokuwa hakijulikani sana bado, kilipowashinda Jeshi kwa 35 kwa 13 kwa kutupa mpira mara kwa mara. Wavumbuzi waliokuja nyuma tutawataja kwa haraka, na msomaji ataona wengi wametoka mahali pa unyonge. Clark Shaughnessy mwaka 1940 alichukua Stanford, waliokuwa wameshinda mchezo mmoja tu msimu uliotangulia. Akawapangia upya namna ya kusimama, wakashinda yote. Tiger Ellison, mwalimu wa shule mjini Middletown, Ohio, mwaka 1958 timu yake ilikuwa ikishindwa mfululizo. Akaiga watoto aliowaona wakicheza bila ya kocha, mmoja akikimbia-kimbia na mpira huku wenzake wakitafuta mahali patupu. Mwaka 1989 Hal Mumme na Mike Leach walianza katika chuo kidogo cha Iowa Wesleyan, wakiutupa mpira karibu kila nafasi na kuwatawanya watu uwanja mzima. Baada ya miaka 20 vyuo vikubwa vilikuwa vikiwaiga. Leach, kama Deland wa kale, hakuwa amecheza mpira wa chuo, alisoma sheria. Na mwaka 2014 alitoa kitabu kuhusu vita vya Geronimo, yule kiongozi wa Waapache aliyelisumbua jeshi la Marekani kwa watu wachache.

Yule kijana wetu aliyeuliza kama ule ni mpira au ni vita tumekwisha kumsimulia haya yote, na swali lake la pili lilikuwa rahisi kujibu: alitaka kujua siku hizi kuna nini pale Carlisle. Tangu mwaka 1951 pana chuo cha vita cha jeshi la Marekani, ambamo maofisa wakubwa husoma mbinu za kushambulia na kujihami. Uwanja ambao Thorpe na Welch walikimbia ungaliko. Makaburi ya watoto yako karibu na lango, yalihamishwa hapo mwaka 1927, mawe meupe katika safu. Mwaka 2017 jeshi lilianza kuyafukua, kabila baada ya kabila likija kudai watu wake, na wa kwanza kurudishwa walikuwa watoto wa Waarapaho wa Wyoming, waliokufa zaidi ya miaka 130 nyuma. Kijana alipolisikia hilo alikaa kimya kidogo, kisha akasema bibi yake huko Kalenga alimsimulia siku ya mwezi wa Juni 1954, watu walipokusanyika kulipokea fuvu la Mkwawa likirudi kutoka Ujerumani.